Jina Lisilo na Mwenyewe Kule: Isidore Maki Wilondja (1967–2025)

Familia ya Wilondja inawashukuru nyote mliofika, hasa mliotoka Nundu na Lusenda siku hizi ambazo barabara haiaminiki. Marehemu mwenyewe asingekuja. Aliogopa barabara, aliogopa askari, aliogopa hata mbwa wa jirani, na alimwambia mdogo wake Rosette, anayesoma wasifu huu, kwamba siku ya kumzika watu wasimsingizie ushujaa. Basi tutasema kama ilivyokuwa.

Isidore alizaliwa tarehe 14 Machi 1967 katika msitu wa milima iliyo juu ya Nundu, mtoto wa kwanza wa mzee Wilondja na mama Marie. Wakati ule vijiji vilikuwa vitupu. Vita vilikuwa vimewasukuma watu porini, na maisha hayo ya kujificha wenyewe waliyaita maki; kwa askari neno hilo lilikuwa na maana moja tu, uasi. Mtoto alipokuwa na siku tatu, askari walipita chini ya kibanda, karibu kiasi kwamba mmoja alisikika akikohoa. Mama Marie alimtia mtoto titi mdomoni, akazuia pumzi. Mtoto hakulia. Askari walipotoweka, baba yake, aliyekuwa amelowa jasho chapachapa, alisema: “Huyu njo maki mwenyewe. Jina yake iko Maki.”

Ukoo ulikataa. Kwetu jina hutoka kwa aliyetangulia, babu au shangazi aliyekufa, na huyo mwenye jina, huko aliko, humwangalia aliyelirithi hapa. Shangazi Pulchérie alimjia juu kaka yake: “Unamupa mutoto jina haina mwenyewe kule! Nani atamulinda?” Wilondja alicheka. Mtoto alipokua na kusimuliwa maneno hayo, yeye hakucheka hata kidogo. Tangu utotoni alijiona kama nyumba isiyo na mlango.

Familia ilitoka porini mwaka 1976, naye akaanza shule ya msingi huko Nundu akiwa na miaka tisa, mrefu kuliko wote darasani. Asubuhi ya kwanza baba yake alimshika bega: “Muntu akikuuliza jina, sema Isidore. Ile ingine iko ya nyumba.” Alimaliza darasa la sita mwaka 1982, na kwa miaka yote hiyo mwalimu hakuwahi kulisikia jina la pili.

Mwaka 1985 alishuka hapa Baraka, kando ya ziwa, kujifunza kutengeneza mota za boti kwa fundi Henri. Alikuwa na sikio la ajabu. Aliijua mota mbovu ingali mbali ziwani. Lakini Juni 1988, akiwa na miaka ishirini na moja, alisimamishwa kwenye kizuizi. Askari alisoma kadi yake ya ubatizo, akafika kwenye jina la pili, akalisoma tena kwa sauti. Isidore alikalishwa juani tangu asubuhi hadi saa kumi, bunduki ikiwa mbele ya goti lake, akiulizwa wenzake wa porini wako wapi. Waliporidhika kwamba ni fundi tu, walimwachilia. Tangu siku hiyo, kila alipotoa karatasi yoyote, kidole gumba chake kilikaa juu ya Maki. Tulimuuliza kwa nini asilifute jina lenyewe kwenye vitabu vya serikali. Alijibu kwamba anaogopa pia kudanganya serikali. Alipenda kutukumbusha kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.

Tarehe 22 Aprili 1995, hapa Baraka, alifunga ndoa na Angeline Inamahoro, aliyekuwa amekimbia Burundi miaka miwili kabla. Uchumba ulichukua mwaka mzima kwa sababu bwana harusi aliogopa kusema jina lake lote. Hatimaye alimpa ile kadi, kidole kikiwa palepale. Angeline alikiondoa kile kidole, akasoma, akauliza: “Njo hii tu?” Mwaka uliofuata vita viliwavusha ziwa hadi Tanzania, wakakaa kambini Nyarugusu, na huko walipata Alida na Fabien. Walirudi Baraka mwaka 2007, naye akarudi kwenye mota zake.

Mwaka huu Alida, aliyeolewa na Guy Bucumi, mwendesha pikipiki, alimwambia baba yake kwamba mtoto aliye tumboni ataitwa Maki. Presha ya marehemu, iliyokuwa ikimsumbua tangu 2021, ilipanda siku hiyohiyo. Alimsihi binti yake kama mtu anayeomba kuachiwa roho. “Papa, ile vita ilikwisha zamani,” Alida alisema. “Sikia milima,” baba alijibu, na kweli, wiki ile milio ya risasi ilisikika huko juu.

Mtoto wa kiume alizaliwa Nundu tarehe 30 Julai. Agosti 2 marehemu alipanda pikipiki ya Guy kwenda kuzuia lile jina kabla halijaandikwa. Njiani kulikuwa na kizuizi. Alitoa kadi ya uchaguzi, kidole juu ya jina, na askari, kijana mdogo, akaivuta. Jina halikuwapo. Kidole cha Isidore kilikuwa kimelisugua hadi likafutika.

“Hii kadi iko ya uongo. Hapa uliandikwa nani?”

Guy anasema mkwe wake alikitazama kwanza kidole chake. Kisha akasema, “Maki.”

“Maki iko nini?”

“Ni jina tu, mutoto wangu.”

Yule kijana hakulijua. Alimrudishia kadi, akawapungia mkono wapite. Msidhani marehemu alipona hofu pale. Alifika Nundu, na kabla hajakaa akamwambia Alida: “Huyu hakujua. Mwingine atajua. Usimupe.” Mtoto akabaki bila jina.

Agosti 8 alianguka sokoni, upande mmoja wa mwili ukafa, akalazwa hapa Baraka. Alida alikuja na mtoto, na mtoto akalia hadi wodi nzima ikageuka. Angeline alitaka kumtoa nje. Marehemu alimzuia kwa mkono uliobaki mzima. Alimsikiliza kwa muda mrefu, kama alivyosikiliza mota. Kisha akauliza anaitwaje, akaambiwa bado.

“Ngojeni,” alisema. “Jina haina mwenyewe kule. Mi naogopa sana kwenda, lakini nikifika, itakuwa na mwenyewe. Hapo njo mumupe.”

Alifariki Jumatatu, tarehe 11 Agosti 2025, saa nne asubuhi. Leo kilio kimekuja nyumbani kwa mwoga, na tunakilia.

Ameacha mjane, mama Angeline. Watoto wawili, Alida na Fabien. Mkwe wake Guy. Mdogo wake Rosette. Na mjukuu mmoja mwenye siku kumi na nne, aliyeandikwa jana ofisini, naye anaitwa Maki. Alida aliishika ile karatasi, na kidole hakukiweka juu ya jina.

Kaka, sasa jina lina mwenyewe. Pumzika kwa amani, lakini mwangalie. Huyo unayemsikia akilia ni yeye, na hakuna aliyemziba mdomo.