Bi Taratibu, Mwalimu wa Udereva Aliyekataa Kufichiwa Kosa

Mama yetu, mliyemzoea kwa jina la Bi Taratibu, alizaliwa Jumatano tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi makanika, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na karakana. Bibi alisema kitoto kile kilibembelezwa na mlio wa injini kuliko wimbo wowote.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958 na kumaliza sekondari 1969. Hesabu alizipenda, kunyamaza darasani kulimshinda.

Jumamosi tarehe 9 Novemba 1968, akiwa na miaka kumi na saba na hana leseni, alichukua pikapu ya baba yake akapakia marafiki wanne. Aligeuka nyuma kujibu utani. Aliporudisha macho barabarani, tayari alikuwa amemgonga fundi cherehani aliyekuwa juu ya baiskeli. Mguu wa fundi ukavunjika sehemu mbili. Marafiki wakatimua mbio. Yeye aliketi vumbini, akamshikilia majeruhi kichwa mpaka msaada ukafika.

Kituoni, baba yake alimnong'oneza, "Nitasema nilikuwa naendesha mimi. Wewe una mitihani."

"Baba, aliyemvunja mtu mguu ni mimi. Ukinibebea hili, mimi nitajifunza nini?"

Mahakama ilimzuia kuendesha gari kwa miaka mitatu. Adhabu nyingine alijipa mwenyewe: kila jioni, kwa miezi mitano, alipeleka nguo za fundi kwa wateja kwa miguu. Siku ya kwanza alimkuta mdogo wa fundi huyo, kijana seremala, mlangoni, amevimba kwa hasira.

"Ni wewe uliyemvunja kaka yangu?"

"Ni mimi."

Seremala, aliyejiandaa kupambana na visingizio, akampisha mlangoni. Kufika mwezi wa tatu alikuwa akimsaidia kubeba vifurushi. Fundi akawaambia wateja, "Mguu wangu unapona, sasa mdogo wangu ndiye anaanza kuugua."

Mama na seremala walifunga ndoa tarehe 16 Desemba 1972. Fundi, akitembea bila mkongojo, alishona gauni la bibi harusi, ila akakataa katakata kupanda gari la maharusi mpaka aambiwe nani ameshika usukani. Harusi nzima ilicheka, na bibi harusi kuliko wote.

Kuanzia 1975 hadi 2013 alifundisha udereva. Hakuna kijana aliyepewa ufunguo kabla ya kutembezwa barabara nzima kwa miguu. "Umemwona nani?" alikuwa akiuliza. Mmoja akajibu, "Kuku tu, Mwalimu." "Hata kuku ana mwenyewe. Rudi ukaangalie tena." Mzazi aliyeharakisha leseni ya mwanawe aliambiwa, "Kugeuza gari anajua. Kukataa kuchochewa na wenzake bado."

Moyo ulianza kumsumbua Januari 2023. Siku alipokimbizwa hospitali, dereva wa gari la wagonjwa alikuwa mwanafunzi wake wa zamani. "Mwalimu, leo naruhusiwa kukimbia?" Mama akatabasamu chini ya barakoa ya oksijeni: "Kimbia, mwanangu, ila kwenye kona punguza." Alifariki hospitalini Jumanne tarehe 4 Julai, alasiri, mume wake akimsomea gazeti.

Ameacha mume, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu watano, na madereva wasio na idadi, ambao leo wameegesha magari yao kwa mstari ulionyooka kuliko tulivyowahi kuona. Lala, Mama. Upumzike kwa amani.