Ukuta Uliorowa

Haya kanihadithia kwanza kaka yangu Ghanim, Mola amrehemu. Yeye ndiye aliyekuwa akimimina kahawa barazani, na mmimina kahawa husikia yote, maana mdomo wake hauna kazi. Ilikuwa hapa hapa Ibra, mwaka wa tisini na saba, baada ya laasiri. Baraza lao, yeye na rafiki zake watatu, lilikuwa chini ya nyumba ya babu wa mmoja wao, Nadhir. Nyumba ya matofali ya udongo, ghorofa mbili, kuta nene hata mtoto akilala dirishani miguu haitokezi nje. Babu mtu kaijenga kwa karafuu za Unguja. Boriti za mikoko zimekuja kwa bahari mpaka Sur, na kutoka Sur kwa ngamia; mlango wa nakshi peke yake umepandishwa ngamia wawili. Nadhir kaja Oman kutoka Unguja na mamake, Bi Thuraya, na wasia mmoja wa baba yake: nyumba ya Ibra isikuangukie mikononi. Basi akaivika simenti, juu mpaka chini, ikang'ara kama jino la kubandika. Miaka minane baadaye ikapata ufa, kutoka darini mpaka barazani. Bi Thuraya yuko juu, katika chumba chenye matao matatu, kagoma kushuka. Siku hiyo Nadhir alikuwa akimngoja fundi wa Nizwa, aje aseme: nyumba itauvuka msimu wa mvua, au mama ashushwe.

— Ufa umenenepa, — kasema Nadhir. — Juzi ukiingia kidole. Leo ngumi.

— Malori hayo, — kadakia Abdullatif, waliyemwita Redio kwa kuwa hazimiki. — Lori likipita, meno yangu yanagongana. Sembuse nyumba!

— Barabara ya malori iko mbali, Redio.

— Na meno yangu yako hapa. Haba na haba hujaza kibaba.

Wa tatu alikuwa Yazeed. Watu wake walitoka Bukavu, basi jina lake Kongo, na kila kitu kwake ni problemu.

— Malori wapi! Problemu ni petroli. Wanaivuta chini huko miaka nenda miaka rudi. Ardhi imebaki tupu kama ngoma.

— Petroli ya Ibra umeiona wapi weye? — kauliza Nadhir.

— Haikai hapa, sheikh. Inapita tu.

Kaka yangu Ghanim akatia neno, na yeye hakuwa mtu wa maneno.

— Mie nikiuegemea ukuta huu, kanzu inarowa mgongoni.

— Jasho la uzee hilo! — kapiga kelele Redio. — Mwambie mkeo akupepee!

Wakacheka. Ghanim akarudi kwenye dele lake la kahawa. Mwaka wa tatu ule alikuwa akilisema neno hilo, na mwaka wa tatu wakimcheka.

— Nisikilizeni, — kasema Redio. — Mkoko ni mti wa maji ya chumvi, au sivyo? Boriti zile zimekaa juu ya mchanga huu karibu miaka mia. Zina kiu, masikini. Zinajinyoosha kidogo kidogo kuelekea Sur. Zikijinyoosha, ukuta unapasuka.

— Boriti zina hamu na bahari?

— Weye huna?

Nadhir akageuza uso upande wa Sur. Hata Kongo, ambaye bahari yake ilikuwa ziwa, akainamisha kichwa akatafuta tende sahanini.

— Mimi nasema ni jini, — kaanza tena Kongo, ili baraza lisifie pale. — Babu alizika reale, akamweka jini azilinde. Sasa jini anaona watu wote wanahamia villa, yeye kaachwa na mama mmoja. Anabomoa makusudi. Na yeye anataka villa yenye eyakandishani!

— Kikulacho ki nguoni mwako, — kasema Redio, wala hapana aliyejua kwa nini.

Sauti ya Bi Thuraya ikashuka kutoka juu:

— Nadhir! Waambie hao, nyumba inasikia wanavyoisengenya!

— Ila jambo moja tumshukuru Mungu, — kasema Redio kwa sauti ya chini. — Simenti ile. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi tuliziba! Bila simenti ile leo tungekuwa tunanywa kahawa juu ya kifusi.

— Wallahi, — kasema Kongo. — Hiyo ndiyo inayoishika.

Nadhir uso ukamkunjuka kidogo. Ndipo fundi alipofika. Hud jina lake, kizee kidogo na mfuko begani. Katoa salamu, hakukaa. Kaenda moja kwa moja ukutani, akagonga kwa kidole. Ukalia kama sanduku tupu. Akatoa msumari, akakwangua. Simenti ikabanduka kipande kizima, kama ukoko wa wali. Nyuma yake, udongo. Akauchota, akaukamua mkononi, maji yakamchuruzika mpaka kiwikoni.

— Udongo hunywa mvua, kisha hutoa jasho, ukakauka, — kasema polepole. — Huu umekunywa, na jasho halina pa kutokea. Haya si matofali tena, jamaa. Ni uji.

Akakaa. Ghanim akampa finjani. Akanywa, akauliza bila ukali, kama tabibu anavyouliza:

— Nani aliyeitia simenti?

Sasa watazameni, wanangu.

Redio akatazama miguu yake, maana shauri lilikuwa lake. Kongo akatazama njia, maana mifuko ilikuja kwa gari lake. Wazee wao walikuwa wakiipaka nyumba ile udongo na makapi kila mwaka. Wao wakachoka, wakasema tuifanye mara moja, khalas. Na maji ya kukorogea, Ghanim ndiye aliyeyachota kwenye mfereji, ndoo baada ya ndoo.

Nadhir akanyoosha finjani. Mnajua kahawa yetu: asiyeitikisa finjani humiminiwa tena. Nadhir hakuitikisa. Ghanim akamimina, Nadhir akanywa, akanyoosha tena. Ikawa hivyo mpaka dele likatema machicha, na bado mkono wake umenyooka.

Hud akaitikisa yake.

— Mama mshusheni kabla ya magharibi, — akasema.

Wakamshusha juu ya kiti, wao wanne, mikono ile ile. Alipopita penye tundu alilokwangua Hud akasema simameni. Akauweka mkono wake juu ya udongo.

— Inarowa, masikini, — akasema. — Nadhir, nani kaifanyia hivi?

Nadhir alikuwa ameshika mguu wa kiti. Hapana aliyesema. Mvua ya kwanza ikauchukua ukuta ule na chumba cha matao, na Bi Thuraya akafa mwaka uliofuata akiuliza.

Haya, laleni sasa, usingizi umeshafika. Azza, toa mkono ukutani, mwanangu. Mkavu huo. Nimeushika kabla yako.