Damu Niliyoificha Dunguni

Mama zangu, dada zangu, nawasalimu kwa heshima. Mama mwenyekiti wa kikundi chetu ameniomba niseme machache, nami tangu juzi nayapanga maneno haya kichwani, nayapangua, nayapanga upya. Mnanijua. Mshono ukipinda kidogo nafumua gauni zima. Hata kushona sikufundishwa na mtu, nilikuwa nafumua nguo za mitumba nione zimeungwaje. Leo nikikosea mnivumilie.

Nitaanza na wivu, maana ndio ulionifikisha pabaya.

Ninaye mwenzangu, mtoto wa mama mkubwa. Jina lake hamtalipata kwangu, na haya nayasema kwa ruhusa yake. Tulichezwa unyago pamoja, na somo wetu, kungwi aliyetufunda, alikuwa mmoja. Mie nilishika kila nililofundishwa: kukaa, kuitika, na zaidi ya yote kwamba damu ya mwanamke haionwi na mtu, awe mama, awe nani. Mwenzangu alikuwa akicheka, akisahau, akirudishwa kila mara. Mdomoni mwake halikai neno. Lakini siku ya kutolewa nje, kanga alizotuzwa yeye zilikuwa rundo, zangu chache. Ndugu zangu, nawaambia kweli, siku ile niliziangalia zake kuliko zangu.

Miaka ikapita. Tukashika mimba msimu mmoja, wote hatujaolewa. Mwanamume wangu alibadili laini ya simu. Wake alikuwa na mke Ikwiriri. Mwenzangu akamwambia shangazi yake, wa upande wa baba, ambaye kwangu mie si ndugu. Akapelekwa Dar. Alirudi hana mimba, kanenepa, na viatu vipya. Watu wakaambiwa ilikuwa malaria.

Mie nilijua, na nikamchukia. Sheria inayokataza kutoa mimba ni ileile kwetu sote, lakini kwake niliiona imelala, kwangu imekaa mlangoni. Nilichowahi kusikia ni jela tu. Nikaamini kwenda hospitali ni kujipeleka polisi.

Kuna mtu alinipa dawa. Sitasema nani wala dawa gani, kwa sababu sitaki binti hata mmoja aifuate. Nikainywa.

Ulikuwa msimu wa kulinda mpunga. Nikamwambia mama nitakwenda mie bondeni, nikae dunguni, kile kibanda chetu cha juu ya miti, nifukuze ndege. Mama akafurahi. Binti gani siku hizi anajitolea kulinda mpunga? Huko damu ikaanza na haikukata. Nikafanya nilivyofundishwa. Kanga ikilowa naifua, naianika ndani, isionekane na mtu. Homa inapanda, mie nasugua mpaka doa litoke. Nilikuwa nakufa, lakini kwa usafi.

Mama akamtuma mwenzangu aniletee unga. Adhuhuri akapanda ngazi, akasimama mlangoni.

"Shoga, mbona kunanuka?"

"Samaki."

"Samaki gani huyo anavaa kanga?" Akapiga magoti, akanishika paji la uso. "Unawaka moto! Amka twende."

"Sitoki. Nenda zako kwa shangazi yako wa Dar."

Akautua mfuko wa unga chini.

"Kumbe ndiyo hiyo," akasema. "Haya, njoo unionee wivu hospitali. Ukifa utamwonea nani?"

Akashuka, akapiga yowe bonde zima likasikia. Wote niliokuwa nikiwaficha wakaja, na mjomba mbele yao. Nikateremshwa nimelowa, nikiomba ardhi inimeze. Tukapanda pikipiki, mie katikati, mwenzangu nyuma kanikumbatia, hadi hospitali Kibiti.

Muuguzi akaniuliza nina nini. Nikasema ni siku zangu tu.

"Muongo," mwenzangu akasema. "Alikuwa na mimba. Kanywa kitu."

Nikafumba macho nikingoja polisi. Muuguzi alikuwa akivaa glovu. "Binti, mwanamke anayetokwa damu anatibiwa," akasema. "Kutibiwa si kosa. Nataka kujua ilivyoanza ili nijue pa kuanzia. Umekunywa nini?"

Nikasema. Nikasafishwa, nikatundikiwa dripu. Damu niliyoongezewa alitoa mjomba, yuleyule niliyemwonea haya.

Somo wangu alikuja kuniona. Akakaa ukingoni mwa kitanda, hakuniangalia usoni. "Mwanangu, nilikufundisha kuficha kitambaa. Nani alikufundisha kuficha kifo?" Nililishika lile fundisho kupita alivyolifundisha yeye.

Baadaye ndipo nikamuuliza mwenzangu habari za Dar. Akaniambia alitapika njia nzima kwa woga, na kila basi liliposimamishwa na polisi alidhani wanamtafuta yeye.

"Na vile viatu?"

"Shangazi alininunulia ili ninyamaze kulia."

Sasa kaolewa, ana mtoto. Nikimpakata yule mtoto kuna kitu bado kinanichoma. Nisiwadanganye, wivu sijapona. Ila siku hizi namwambia waziwazi, "Leo nakuonea wivu." Naye hunijibu, "Akianza kulia nakuletea, uone huo wivu utakwenda wapi."

Namshukuru muuguzi yule. Namshukuru mjomba, na somo wangu, na mama yangu, ambaye hakuniuliza neno mpaka nilipoweza kuketi. Nanyi nawashukuru. Mlinipa cherehani ya kikundi wakati wengine walikuwa hawataki hata nguo zao ziguswe na mikono yangu.

Sheria bado ni ileile, na wenye elimu wataizungumza kuliko mie. Ninachokijua ni kwamba damu ikizidi, pa kwenda ni hospitali, hata kama unaogopa, hata kama ilianza kwa namna usiyoweza kuisema. Na nyinyi makungwi mlioketi hapa, nawaomba kwa adabu zote mlizonifunza: mnapowafundisha wanetu kuficha, wafundisheni na kupiga yowe.