Waya Mbili za Mama Kilo

Basi, hapa njo fasi nilifikia kuandika jana wakati Papa Bonaventure aliniita kupanga mabenchi: pale Mama Kilo alikunja mukono ya kanzu yake mbele ya bamama bote. Lakini mungoje kwanza. Papa Bonaventure, mukubwa wetu hapa ku dispansere, aliniambia nianze na miaka na tarehe, kisha nieleze kazi, na nisiingize mambo ya bantu. Nitajaribu.

Miaka makumi tatu na moja. Mama Léontine Musongela aliingia kazi mu 1957, muji wetu wa Kalemie ukiwa ungali unaitwa Albertville. Anaenda ritrete, kazi imekwisha, leo siku ya pili ya juma, tarehe 26 mwezi wa saba, 1988. Biro ya kazi ilitaka iwe siku ya tano, yeye alikataa. Siku ya pili njo siku ya kupima batoto, na alisema hatatoka kazini siku ambayo mizani inalala.

Ku karatasi za serikali iko Citoyenne Musongela. Ukiuliza vile ku soko, utazunguka mupaka kijiji cha Bendera na hakuna atakayekuonyesha. Uliza Mama Kilo. Hata mulevi atakufikisha ku mulango.

Kazi yake ni ile. Mizani inaning'inia ku boriti, mutoto anavalishwa suruali ya kitambaa nguvu yenye mikanda, anatundikwa kama mukungu wa ndizi, analia, Mama Kilo anasoma kilo na kuandika. Siku moja mama mumoja alitaka mutoto wake apite kwa kilo mutoto wa muke mwenzake. Mama Kilo alifungua kitambaa cha mutoto akatoa vipande viwili vya sabuni na kiazi. Alisema mutoto huyu ameishaanza biashara kabla ya kutembea. Tena hasahau. Anakutana na soda mukubwa wa jeshi, bunduki ku bega, anamuambia mbele ya benzake: wewe ulikuwa kilo tano na gramu mia mbili, na ulinikojolea.

Miye ni Hidaya, bananiita Mama Salama. Nafua suruali hizo tangu 1974. Njo maana balinipa niandike maneno haya ya kumuaga, juu benye kujua Kifransa baliogopa.

Sasa vipele. Bantu bengi banafikiri vipele vya batoto ni kitu kimoja tu. Mama Kilo aliviandika mu kaye, daftari ya masomo, kila kimoja na mwezi wake na fasi yake ku mwili. Mwezi wa kumi na moja, kandokando ya mudomo: uliza habari ya maembe, utomvu wake unaunguza. Mwezi wa pili, ku shingo na ku mugongo: ni joto, mutoe mutoto sweta na kofia, mama, yeye si muzee. Mwezi wa sita, baridi, batoto batano ndani ya blanketi moja, katikati ya vidole: ule ni upele, na ukipaka dawa mumoja tu umepoteza dawa. Swali zake zilikuwa tatu: mwezi gani, fasi gani, na nani tena mu nyumba anajikuna.

Lakini kulikuwa vipele vilivyomushinda. Vilianza mu kipwa ya 1977, wakati mvua imekatika na upepo wa ziwa unapiga siku nzima. Ku matako na ku mapaja tu. Mutoto anajikuna mupaka damu. Mvua ya kwanza ikinyesha, vimekwisha. Mwaka uliofuata, tena. Mu 1979, tena. Bamama bamoja balisema ni meno. Bengine balisema mama alikula pilipili akiwa na mimba. Mama Émérence, muke wa muvuvi ku kambi ya Babembe, alisema ni wifi yake Christiane, juu Christiane alimubeba mutoto wake Agathe siku ya pili na magaribi Agathe hakulala. Balipigana maneno mupaka Christiane akafunga vitu vyake, akapanda mutumbwi, akarudi kwao Mpala.

Kisha neno lingine likatembea, na lile lilikuwa la kweli bila mutu kujua. Balisema ukipeleka mutoto ku kilo anarudi na moto. Siku ya pili tulikuwa na batoto sitini. Tukabaki na kumi na mumoja. Na wakati ule surua ilikuwa imefika Niemba, inafuata reli kuja kwetu, na vakseni ilikuwa itashuka na treni nyuma ya juma mbili ndani ya sanduku ya barafu. Ile vakseni haingoji. Kama bamama habakuji, inaoza, na surua inakuta batoto bakiwa bure, bila kinga.

Mama Kilo alikaa na kaye yake. Aliuliza swali zake tatu kwa bale kumi na mumoja. Mu nyumba nani tena anajikuna? Hakuna. Alimulaza mutoto mumoja ku meza, akamuangalia mapaja muda murefu. Wekundu uliishia fasi moja, sawa mustari wa kalamu. Alichukua suruali akaiweka juu. Mustari ulikuwa pindo la suruali.

Mutu mwingine angefunga ile suruali mu karatasi na kunyamaza. Yeye alitembea mupaka kambi, akawaomba bamama baje siku ya pili bila batoto, baje tu kuangalia. Balikuja bengi. Nisidanganye, balikuja kumuona anapata haya. Mama Émérence alikaa mbele, mikono ku kifua.

Njo pale alikunja mukono ya kanzu. Alipitisha mukono wake ndani ya muguu wa suruali, akafunga mikanda, akakaa ku benchi kati yao, akaanza kuuliza habari za bei ya muhogo. Muhogo haukumaliza kuzungumuzwa. Mukono uliwaka, ukavimba, mwekundu mupaka kiwiko. Aliutoa akauinua ili hata bale ba nyuma baone.

"Si meno," alisema. "Si pilipili, si wifi ya mutu. Ni suruali yangu. Munisamehe."

Mama Émérence alisimama, akamugusa ule mukono, akatoka. Tulidhani amekasirika. Kumbe alienda kutafuta mutumbwi wa kwenda Mpala kumurudisha Christiane.

Papa Bonaventure anajua mupaka pale. Sasa naingiza mambo ya bantu, lakini ni mambo yangu miye.

Mama Kilo alikuja nyuma ya dispansere na mukono wake umevimba. Alikuta suruali zimeanikwa ku lupango, uzio wa kiwanja chetu. Ile lupango ilikuwa na upupu imepanda juu yake, na mu kipwa maganda ya upupu yanakauka, manyoya yake yanaruka na upepo, yanaingia mu kitambaa. Kila mutu anajua upupu inawasha. Kisha akainua macho ku waya ya nguo. Ku waya kulikuwa migebuka yangu, samaki wa ziwa, imepasuliwa na kutiwa chumvi, imepangwa vizuri, na paka mumoja chini anaomba Mungu. Nilianza kuianika pale kipwa ya 1977, juu jua lilikuwa zuri na nilikuwa na batoto bane bila baba. Na waya ikinuka samaki, suruali za batoto nitaziweka wapi? Niliziweka ku lupango.

Aliangalia samaki, aliangalia suruali, aliniangalia. Bamama bangali kule mbele. Angesema jina langu tu, bangenifukuza mupaka ndani ya maji, na kazi ingekwisha siku ile. Aliniambia nichemushe suruali na nimutafutie mafuta ya mukono.

Kesho yake alikuja na waya mupya. Alifunga ncha moja ku chuma cha dirisha, na ingine ku muti wa mupapai.

"Ile ya samaki," alisema. "Hii ya batoto."

Akaingia kupima. Upupu tuliingojea mvua ya kwanza tukaing'oa ikiwa imelowa, juu ukiigusa kavu inakurukia. Na ile habari hakuisema tena, kwangu wala kwa mutu, miaka tisa. Suruali ilikuwa yake, ndiyo. Waya ilikuwa yangu, na haya ilikuwa yangu, akaibeba yeye.

Treni ilipofika na sanduku ya barafu, tulikuwa na batoto makumi tano na munane ku mulango. Surua iliingia Kalemie mwezi wa kumi. Kati ya bale makumi tano na munane hatukuzika hata mumoja. Agathe iko mwaka wa tatu primeri, anakimbia sana, na leo Christiane njo amemuleta, mama yake anapika.

Papa Bonaventure akisoma hii, afanye anavyoona. Miye nilitaka iandikwe kabla Mama Kilo hajatoka.

Tunakushukuru, Mama Kilo, kwa kila mutoto uliyemutundika na kumutundua. Uende ulime muhogo wako, wajukuu bakusumbue, uzeeke na kilo zako zote, na mukono wako usiwashwe tena hata siku moja.

Nilitaka tena kueleza habari ya ile mizani mupya ya mwaka jana, ambayo yeye na muuguzi mudogo, infirmié wetu, bali—

Mama Kilo ananiita. Mistari ya batoto imefika mupaka barabarani, anauliza suruali ziko wapi. Ziko ku waya, Mama. Ile ya batoto.