Gauni la Miaka Sita

Kwenye treni ya asubuhi, mama mmoja mshonaji aliona beji ya bwana aliyeketi mbele yangu, fundi kompyuta wa duka la mtandaoni ambako mama huyo huuza magauni yake, akamvaa bila hata salamu. "Mwanangu, kuna mteja wenu anaagiza kwangu gauni lilelile la mtoto wa miaka sita. Huu mwaka wa nne. Huyo mtoto hakui?"

Bwana akacheka. "Mama, hizo ni oda za zamani. Mitambo ikizima tunarudisha data kutoka kwenye nakala ya akiba, basi nyingine zinajirudia. Nitaifuta."

"Usifute, nisikilize kwanza. Safari hii nilimpelekea la miaka kumi. Limerudishwa jana, wameandika: kubwa mno."

"Mama, kompyuta ndivyo zilivyo." Watu wa kompyuta hawakosi jibu.

Mama akalitoa gauni kwenye mfuko. Kola ilikuwa na jasho, na pindo limejaa tope pande zote, kama lililoburutwa na mtoto akicheza. "Haya. Nakala yako hiyo inachezea wapi?"

Treni ikafika mwisho wa safari. Hatukuinuka hata mmoja.