Majiko ya Jumamosi ya Citoyen Bulaimu

Tarehe 31 Desemba 1983, Citoyen Bulaimu Amisi anastaafu baada ya miaka thelathini na moja katika karakana yetu ya Kindu. Kwa kuwa hapendi kusifiwa, nimeandika haya bila kumwomba ruhusa.

Aliingia mwaka 1952 akiwa fundi bati. Mbabula yake ya kwanza, jiko la makaa, aliiunda kwa ajili ya mkewe, Mama Mwanvua, aliyechoka kuinama uani akichoma samaki. Alipasua pipa la mafuta katikati, akaliwekea miguu mirefu, mlango mdogo wa hewa, kisanduku cha kuvuta majivu, na wavu unaowekwa juu au chini kadiri ya ukali wa moto. Ilikula makaa kidogo sana. Kabla ya mwaka kwisha, watu wa Kibombo na Lubutu walikuwa wanaagiza.

Mwaka 1974 mkubwa mmoja alitaka jiko la sherehe lipakwe kijani, rangi ya Chama. Bulaimu akamwambia kwa upole, "Citoyen, mbabula haivaake nguo." Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila safari hii aliyevunjika ni mkuu mwenyewe. Jiko lilipakwa, na mbuzi aliyechomwa siku ile alinuka rangi mpaka mbwa wakamsusa.

Hakuna jiko lililotoka karakanani bila kujaribiwa. Jumamosi mchana Bulaimu alileta samaki, akawasha moto, akatuita wote tisa. "Kuyeni, mutu moja hawezi kupima jiko," alisema.

Mama Mwanvua alifariki mwaka 1979. Hawakujaliwa mtoto. Tangu hapo chakula cha Jumamosi kikawa ndicho pekee anachokula na watu. Siku nyingine hula amesimama, amalize upesi. Aliniambia hivyo mara moja tu.

Mwaka huu, kustaafu kulipokaribia, majiko yake yalianza kuwa na kasoro. Mara wavu umelegea, mara mlango wa hewa haufungi, basi jiko lijaribiwe tena. Jiko la mteja mmoja wa Pangi lilijaribiwa Jumamosi tano, mteja akanung'unika. Nililikagua kwa siri. Lilikuwa zima kabisa. Sote tulijua, tukaendelea kula samaki. Ningeweza kumkaribisha nyumbani kwangu. Sikufanya hivyo, na inaniuma.

Sasa tumebaki wanne, na wawili wanahamia Kisangani mwezi wa pili. Zawadi yetu kwake ni mbabula tuliyoiunda kwa mikono yetu.

Mzee Bulaimu, asante kwa kutufundisha kazi na kutulisha. Samahani, mbabula hiyo ina kasoro. Nimeikagua mwenyewe, wala sitasema ni ipi. Itabidi ijaribiwe uani kwako kila Jumamosi, nami nitakuja, hata nikibaki peke yangu. Mungu akupe siku nyingi, na mtu wa kula naye.

Okito, fundi mwenzako