Mama Kope Aaga Chumba cha Macho

Tarehe 30 Juni, muuguzi wa macho wa kliniki yetu anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi. Alipoajiriwa, wagonjwa walimwita Dada Kope. Baadaye akawa Mama Kope, na siku hizi watoto wanaoletwa na mama zao humwita Bibi Kope, jina ambalo hulipokea kwa kununa kidogo, kisha hucheka.

Aliyeingia chumbani mwake na kope nyekundu, zinazowasha na kubanduka ngozi, alidhani atamulikwa tochi mara moja. Wapi! Kwanza alitakiwa anyooshe mikono. Ngozi ya kope ni nyembamba mno, hutueleza, na vidole huipelekea kila kilichoshikwa: rangi ya kucha, sabuni ya kufulia, dawa ya nywele. Bibi harusi mmoja alikuwa ameshaacha poda na wanja, lakini kope zikazidi kuvimba. Mama Kope alimfuta rangi ya kucha yeye mwenyewe, huku bibi harusi akilalama kana kwamba anang'olewa kucha zenyewe. Siku ya harusi alitoka na kucha tupu na macho maangavu.

Wapaka dawa za kuazima hakuwahurumia. Dereva wetu alipojipaka kwenye kope krimu ya fangasi wa miguu aliyopewa na shemeji yake, alisemwa mbele ya foleni nzima mpaka akaomba poo. Kisha akapewa kitambaa safi cha maji ya uvuguvugu, akaonyeshwa jinsi ya kusafisha mashina ya kope taratibu, akaonywa asifikiche, na akaambiwa akiona ukungu au akisikia maumivu asisubiri, arudi mbio.

Mgonjwa mmoja tu hakuweza kumgusa: binti yake wa pekee, anayefanya kazi katika duka la maua nchi ya mbali. Kwa miaka mingi amemtibu kwa picha za simu. Utomvu wa maua ndio uliokuwa ukimuunguza kope. Akashauriwa avae glavu na asijiguse uso, naye akapona. Picha ikiingia sote tulijua, maana Mama Kope aliacha chai ipoe.

Mwaka huu alikuwa amekubali kubaki nasi miaka miwili zaidi, nasi tukashangilia. Mwezi Machi ikaja picha nyingine: kope nyekundu, na binti akisema ni ule upele wake tu. Mama Kope aliikuza, akaitazama kila pembe. Hakuona ukavu, hakuona magamba. Alituambia huyu hana upele, huyu amelia. Kesho yake aliomba ule mkataba wa nyongeza ufutwe.

Upweke umetuingia hata kabla hajaondoka, na wiki hizi tunabuni sababu za kupita chumbani mwake: kuulizia pamba, kuazima kalamu, kumwonyesha macho yasiyo na ugonjwa wowote. Anatupokea, anatukagua, anatufukuza.

Mama Kope, asante kwa macho uliyoyatunza na kwa sisi uliotulea. Safari yako iwe nyepesi, na siku za huko ziwe za raha na afya tele. Ukifika, mguse binti yako kope hizo kwa mkono wako mwenyewe. Umwambie kliniki nzima inamwonea wivu.